Kula Kwanza, Halafu Tutazungumza

Mpaka leo, mtu akiniambia "kula kwanza", naweka kijiko chini. Mwanzoni mwa ndoa yetu mke wangu alidhani sipendi mapishi yake, akanuna, na mimi kwa kichwa changu kigumu nikashindwa kumweleza. Watoto wamekua wakijua kwamba Baba huitwa mezani kwa jina tu, basi, bila neno la ziada. Majira haya ya baridi Shangazi Mwanahawa, dada yake baba, alifariki nyumbani kwake mtaa wa Linden, hapa hapa Ohio, na matanga tukayaweka kwangu Gahanna kwa sababu kwake hapatoshi. Watu walijaa mpaka gereji. Binti yangu Salma, anayesoma Buffalo, nilimpa habari mwenyewe kwa simu, wazi wazi, kwamba bibi amefariki, kisha nikampigia Mama Furaha anayekaa huko nikamwomba aende akakae naye. Wazee walinijia juu. Waliniambia hivyo sivyo anavyoambiwa mtoto msiba, nimesahau adabu za kwetu. Nilikaa sebuleni nikisikiliza kila mmoja akieleza shangazi alikuwa mtu wa namna gani, na moyoni nikasema hawa hawamjui. Mimi ndiye niliyekaa naye mwaka ule wa tatu wa chuo, mwaka niliofungwa goli la mwisho Buffalo nikamkosa baba yangu.

Niseme mapema, maana sipendi watu wanaoficha mambo na yamenikuta ya kutosha: baba alikuwa ameshafariki kabla mechi haijaanza. Kila aliyekuja kuniangalia uwanjani siku ile alijua. Asiyejua ni mimi peke yangu. Kilichokuwa bado hakijaamuliwa ni kimoja tu, kama nitafika Louisville, alikokuwa akiishi, nimuone kabla hajazikwa, au sitafika.

Chumba changu kwa shangazi kilikuwa chini ya nyumba, ubavuni mwa mtambo wa kupasha joto, na dirisha lake lilikuwa usawa wa majani, kwa hiyo asubuhi nilichokiona ni viatu vya wapita njia na magurudumu ya gari la Mzee Rajabu, jirani yetu, Mtanzania mwenzetu. Kitanda kilikuwa kifupi kuliko miguu yangu. Kona nzima ilijaa vifaa vya kipa, maana nilikuwa kipa wa timu ya chuo ya mpira wa magongo wa barafuni. Msinicheke. Shuleni walikosa mtu wa kukaa golini, mimi nilikuwa kipa wa mpira wa miguu, wakaniambia kazi ni ile ile. Waongo wakubwa. Kazi si ile ile hata kidogo, lakini nilipokuja kugundua nilikuwa nimeshanasa. Basi, vifaa vile vinanuka. Ukivivaa mara moja tu vinashika jasho na havitoi tena. Shangazi alinipiga marufuku kupita navyo jikoni. Siku moja nikarudi kutoka darasani nikakuta amevitundika barazani kwenye kamba, pedi za miguuni, glovu, kinyago, na chini yake ameweka chetezo anavifukiza udi, kama anavyofukizwa bibi harusi. Majirani wanapita wanashangaa moshi. Tangu hapo kila baada ya mazoezi aliifanya kazi hiyo bila kuombwa. Wenzangu wa timu, vijana wa kizungu wa Ohio, waliniuliza ni dawa gani hiyo inayonukia, nikawaambia ni dawa ya magoli. Wengine wakaanza kuniletea glovu zao.

Nikirudi kutoka mazoezini nilikuta chapati na maharage, au wali na mchicha wa nazi, na shangazi ameketi upande wa pili wa meza ananitazama. Huyu mwanamke alikuwa na utaratibu wake: hakuwahi kunipa jambo zito kabla sijamaliza sahani. Mwenye nyumba alipotaka tuhame, nilikula kwanza. Nilipofeli hesabu na barua ya chuo ikafika kwake, nilikula kwanza, tena siku hiyo aliniongeza nyama. Alisema mtu mwenye njaa akipewa habari mbaya anapata habari mbili. Nilishamzoea, nikawa nikisikia "kula kwanza" najua kuna kitu, nakula haraka haraka nimalize tuongee. Ndiyo maana sijisamehe nilivyokuja kukaa kama zuzu mbele ya sahani ile nyingine.

Mabomba yaliyopeleka joto vyumbani yalileta pia maneno. Nikilala kitandani nilimsikia shangazi juu jikoni akiongea na baba aliyekuwa Louisville, simu ameiweka sauti kubwa kwa sababu mikono ina unga. Baba hakuupenda mchezo wangu. Alikuwa na sauti nene ya kukoroma, na yote aliyosema yalinifikia: kwamba nimeacha michezo ya watu wenye akili nikaenda kupigwa na watu wenye fimbo, na dada yake badala ya kunikataza ananifukizia udi. Shangazi alicheka tu. Lakini jioni moja, karibu na mwisho wa msimu, nilimsikia baba akibadilisha sauti. Akamuuliza dada yake ile kazi ya kipa hasa ni ipi. Maana pale msikitini Louisville watu wamemuuliza, naye amewajibu kwamba kijana wake ndiye anayezuia, kwamba wengine wote wakishindwa anabaki yeye. Akauliza, "Nimesema sawa?" Shangazi akamwambia amesema sawa sawa. Nililala pale chini nikitazama dari, nimefurahi mpaka nikaona aibu.

Timu yetu haikuwa kitu. Msimu uliopita tulikuwa wa kufungwa na kila mtu. Mwaka ule sijui tulipatwa na nini, tukashinda, tukashinda, mpaka tukaingia mashindano ya ubingwa wa kanda yetu ya vyuo, yaliyofanyika Buffalo mwezi wa tatu, wakati Buffalo bado ni barafu nje na barafu ndani. Nusu fainali Ijumaa, fainali Jumamosi mchana. Alhamisi asubuhi kabla basi halijaondoka baba alinipigia mwenyewe, jambo ambalo si kawaida yake. Alisema tukishinda Ijumaa, usiku huo huo atapanda basi, Jumamosi atakuwapo. Nilidhani ananitania. Aliuliza kama ndani ya uwanja ni baridi, nikamwambia ni baridi, akauliza avae nini. Wazee wetu wa huku wana mtindo wao wa majira ya baridi, chini kofia ya sufu ya kuziba masikio, juu yake ile kofia nyeupe iliyoshonwa kwa mkono, na hawaoni kichekesho chochote. Baba akasema, "Nitavaa nyeupe juu, ili unione." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Tulipofika hotelini kocha akapita na ndoo akakusanya simu zetu zote, asitake mtu ashikwe na mambo ya nje mpaka mashindano yaishe. Ndiyo ilikuwa desturi yake kila mwaka na hakuna aliyebisha.

Yaliyotokea Ijumaa niliyapata vipande vipande, mengi kutoka kwa Mzee Rajabu. Baba alitoka sala ya Ijumaa, akafika nyumbani, akamwambia baba mdogo, aliyekuwa akiishi naye, kifua kinambana, akaketi kwenye kiti cha sebuleni avue viatu. Akafa kiatu kimoja kikiwa mguuni. Jioni ile mimi niko barafuni Buffalo nazuia, tunashinda, tunarukiana. Baba mdogo alimpigia shangazi, shangazi akaangusha mwiko, na kabla ya isha jiko lile la Linden lilikuwa limejaa watu. Hoja ikawa mimi. Mmoja akasema apigiwe kocha amwambie. Shangazi akamtazama huyo mtu akamuuliza, mgeni ndiye amwambie mtoto wetu kwamba baba yake hayupo, halafu amshike nani? Kwetu msiba wa mzazi hauingizwi kwenye simu. Watu wanakwenda, wanakaa naye, anakula, ndipo anaambiwa, na anapoanguka kuna mikono. Hakuna aliyebisha hilo. Walikubaliana baba mdogo apange mazishi Jumapili baada ya adhuhuri, na shangazi na Mzee Rajabu waondoke alfajiri kuja kunichukua. Kule kwenye ziwa la Buffalo theluji kubwa ilitangazwa kuanza jioni, na njia ya kandokando ya ziwa huwa inafungwa ikianza. Mzee Rajabu alisema wakiondoka nami alasiri wataitangulia.

Walifika uwanjani wakiwa na Mama Furaha, mama wa Kikongo anayekaa mtaa wa Lower West Side huko Buffalo, aliyewahi kuishi Linden na shangazi kabla ya kuhamia kwa watoto wake. Yeye ndiye aliyewaonyesha njia. Walikuta tumeshaingia barafuni tunapasha misuli. Mzee Rajabu alitaka niitwe. Shangazi akakataa. Akasema hamwezi kumwita mtoto mbele ya uwanja mzima, amevaa chuma usoni, mkamwambia kitu kama hicho amesimama kwenye visu. Akasema acha acheze, ni dakika tisini, zikiisha tunamchukua. Dakika tisini. Wote watatu walikubali, maana maisha yao yote mpira ulikuwa dakika tisini, na ukiwa sare watu wanashikana mikono wanakwenda nyumbani, au basi kuna kidogo cha nyongeza na penalti. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Ningekuwa mimi nisingeuliza pia.

Na mimi nikatazama juu jukwaani nikaona kofia nyeupe.

Ilikuwa mbali, upande wa goli langu la kwanza, juu kabisa karibu na mlango. Nikamtambua shangazi kwa ushungi wake wa kijani, na kando yake mtu mzima aliyevaa nyeupe juu ya nyeusi. Kinyago cha kipa kina vyuma, huoni vizuri, lakini mimi nilikuwa na hakika. Amekuja. Baba amepanda basi amekuja, amekaa pale ninapomuona. Ndani ya kinyago kulikuwa na harufu ya udi, nikaivuta mpaka tumboni. Nikagonga milingoti ya goli kwa gongo langu, huku na huku, kama ninavyofanya kila mara, nikasema moyoni, Mzee, leo utaona kazi ya kipa ni ipi. Sijawahi kucheza vile, wala kabla wala baadaye. Mchezo huu unachezwa kwa kisahani kigumu cheusi cha mpira, kidogo kama kifuniko cha chupa ya uji, na kinaruka kwa kasi inayovunja meno. Siku ile nilikiona kikubwa kama sinia. Nilizuia kwa mguu, kwa kifua, kwa shingo. Walinifunga kimoja tu, kipindi cha kwanza, na wenzangu wakasawazisha. Kila tulipopumzika nilitoka nikitazama juu. Kipindi cha pili tulibadilishana magoli nikawa nimeielekea kofia, na nikaona ni afadhali nisiitazame sana, maana nilikuwa naanza kutabasamu peke yangu. Kipindi cha tatu, cha mwisho, kikaisha sare, goli moja kwa moja.

Hapo ndipo mambo yalipowaharibikia kule juu. Watu hawakutoka. Mashine ikaingia kulainisha barafu, na shangazi akaona kila mtu anakwenda kununua chakula na kurudi. Akamuuliza msichana aliyekaa mbele yake, mwanafunzi, kwamba sasa mpira umekwisha? Msichana akamwambia hapana, kinaanza kipindi kingine kizima, na kisipopata goli kinakuja kingine, na kingine, mpaka mmoja afungwe. Shangazi akauliza na asipofungwa mtu? Yule msichana akacheka akasema basi tutalala hapa. Mzee Rajabu alinisimulia kwamba shangazi aliivua saa yake ya mkononi akaitia mkobani asiione. Baba mdogo anapiga simu kutoka Louisville anauliza mmeshamwambia, mko wapi, maiti imeshaoshwa, mkutano wa kaburini ni kesho adhuhuri na hausogezwi. Mzee Rajabu anatoka nje, anarudi, anasema mawingu yamekaribia. Anatoka tena, anarudi na mabega meupe.

Muda wa nyongeza wa kwanza nikazuia. Wa pili nikazuia. Maji niliyokunywa nilikuwa natapika. Beki wetu mmoja alikuwa analia waziwazi kwa kuchoka, anateleza huku na huku analia. Nilijua nikiacha kimoja kimekwisha, na nilichoomba ni nguvu ya kuendelea mpaka mwenzangu yeyote afunge upande wa pili. Tulipoanza wa tatu nilikuwa tena nimeelekea kwenye kofia. Nikatazama juu kuichukua kama dawa, na nikamuona shangazi amesimama. Watu wote wameketi, yeye peke yake amesimama, ameinua mikono yote miwili, viganja juu, uso umeelekea darini. Anasoma dua katikati ya uwanja wa barafu, kando ya watu wenye bia. Nikasema, huyu ndiye shangazi yangu, leo sifungwi. Na kweli nilipata nguvu nisiyojua ilitoka wapi. Nilizuia kimoja kwa ncha ya kidole cha mguu, kimoja nikakilalia kwa tumbo. Kisha kikaja cha ovyo, kisahani cha kizembe ambacho shuleni ningekizuia nimefumba macho, kikagonga kiatu cha beki wetu yule aliyekuwa akilia, kikabadili njia, kikapita katikati ya miguu yangu. Nilikisikia kikigusa wavu. Uwanja mzima ukapasuka kwa kelele na mimi nikabaki nimepiga magoti, naangalia barafu.

Nilitoka kwenye chumba cha kubadilishia nguo wa mwisho. Simu zilikuwa bado zinatafutwa, kocha hakuwa na hali ya kukumbuka ndoo. Kwenye ujia nikawakuta watatu wamesimama ukutani. Shangazi alikuwa analia, si kulia kidogo, analia mpaka mabega yanapanda, na Mama Furaha kamshika kiuno. Nikaona aibu kwa ajili yake. Nikaona kweli huyu mama amelipenda jambo langu kupita kiasi. Nikamkumbatia, nikampiga piga mgongoni, nikamwambia, "Shangazi, usilie. Ni mchezo tu." Alinishika mashavu kwa mikono miwili. Nikamuamkia Mzee Rajabu shikamoo, akaitikia kwa sauti ya chini, na ndipo nikaona alichovaa kichwani. Nikatazama nyuma yake, nikatazama mlango wa choo. Nikauliza baba yuko wapi. Mzee Rajabu akaivua kofia akaishika kwa mikono miwili, akaikunja, akaikunjua. Shangazi ndiye aliyejibu, kwamba baba hakuwahi basi, kidogo hajisikii vizuri, mengine yeye shangazi atanieleza baadaye, twende kwanza kwa Mama Furaha tukale. Nilikasirika. Naomba mnielewe, nilimkasirikia baba. Kwenye gari nilitazama theluji inavyokuja ubavuni, na nilichowaza ni kwamba hata homa kidogo tu imemshinda.

Nyumba ya Mama Furaha ilikuwa ghorofa ya juu, ngazi zinalia, na sebule yake ilikuwa na makochi yaliyofunikwa vitambaa vyeupe na televisheni ambayo niliikuta imezimwa. Wanawake watano sita walikuwa wameshafika, wengine Wakongo, wawili Warundi, wamejifunga khanga na vitenge viunoni na wamekaa chini. Waliponiona walinyamaza. Mimi nikadhani ni heshima ya mshindwa. Wakaleta bugali, yaani ugali, na sombe, kisamvu kwetu, na samaki mkubwa mzima, wakaniwekea peke yangu. Nikasema wengine je? Mama Furaha akasema kwa Kiswahili chake cha Kongo, "Bon, wewe mutoto kula kwanza, halafu tutazungumza." Na sikusikia. Maneno yale yale niliyokuwa nayajua kama jina langu, sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa na njaa ya mnyama na ya siku mbili. Nikala. Wakati nakula hasira ikapungua nikaanza kuwasimulia mechi, nikawaonyesha kwa kichwa cha samaki jinsi kisahani kilivyogonga kiatu. Nikachekesha. Hakuna aliyecheka na nikaendelea. Nikaomba bugali jingine, mama mmoja akalileta akaliweka akatoka mbio kwenda jikoni. Walikuwa wakinitazama ninavyomeza, tonge kwa tonge, watu wazima wale, na kila tonge kwao lilikuwa ni moja zaidi nililopata kabla sijaambiwa.

Mama Furaha akaleta bakuli la maji ninawe. Sahani ikaondolewa. Mzee Rajabu akasogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana, akasafisha koo. Akaanza, "Mwanangu, baba yako alikuwa mtu mwema."

Alikuwa. Nilimsikia mpaka hapo. Yaliyofuata nakumbuka mikono tu, mingi, ilivyonishika kila mahali, kama walivyosema itakuwa.

Tulijaribu kuondoka saa ile ile. Hatukufika hata nje ya mji, polisi walikuwa wameziba barabara ya ziwani na wanarudisha kila gari. Nilishuka nikamwomba askari, nikamwambia baba yangu anazikwa kesho, nikamshika mkono wa koti. Alikuwa mtu mpole na alisema hapana. Tukarudi ngazi zile zile. Asubuhi theluji ilikuwa imefika kwenye vioo vya magari na redio inasema mtu asitoke. Nilizunguka sebule ile kama mwendawazimu, nikifungua dirisha, nikifunga. Adhuhuri baba mdogo akapiga, akaitia simu kwenye mfuko wa shati bila kuikata. Tukaiweka ya kwetu juu ya kitambaa cheupe cha meza. Nikasimama, Mzee Rajabu kando yangu, tukasikia takbira nne za sala ya jeneza zinatoka mfukoni mwa mtu. Kisha hatua za watu, pumzi zao, mtu anasema polepole, upande wa kichwa, polepole. Halafu mchanga. Unasikika, jamani, hata kwa simu mchanga unasikika. Mtoto wa kiume pekee wa yule mzee, na aliyeshuka kumpokea kaburini alikuwa mtu mwingine.

Vifaa vyangu sikuvivaa tena. Shangazi niliendelea kukaa naye mpaka nikamaliza chuo, nilikula chakula chake, nilimzika juzi kwa mikono yangu, nikashuka kaburini mwenyewe na sikumruhusu mtu anitangulie. Lakini kuna kitu kati yetu hakikurudi. Nilimuona ni mtu aliyeniacha nicheze mpira baba yangu akiwa sandani. Aliyeketi akatazama. Zaidi ya hapo aliniombea nishinde, nikapata nguvu ya kuirefusha mechi kwa dua yake, na dua hiyo ndiyo iliyonifungia barabara. Sikuwahi kumwambia, naye hakuwahi kuniuliza kwa nini namjibu kwa maneno machache.

Siku ya tatu ya matanga nilimkuta Mama Furaha jikoni kwangu, amekuwa mzee sasa, anachambua mchele. Alikuja na Salma kutoka Buffalo, na hatukuwa tumepata nafasi ya kukaa. Tukamzungumzia marehemu. Yeye ndiye aliyeitaja mechi. Akasema siku ile walitaabika sana kule juu, akauliza kama shangazi aliwahi kuniambia aliomba nini. Nikasema sikuambiwa lakini nilimuona, aliniombea nisifungwe. Mama Furaha akaacha mchele.

"Hapana," akasema. "Aliomba bakufunge. Mi niko karibu yake, niko nasikia. Anasema, Mungu, bamufunge huyu mutoto, atoke, aende kuzika baba yake. Analia, anasema, bamufunge, bamufunge. Donc na mimi nikaomba kwa Yesu. Tukaomba babili."

Nilikaa kwenye kile kigoda cha watoto. Miaka yote hii. Amesimama peke yake uwanja mzima, anamwomba Mungu anivunje moyo, anivunje mbele ya watu, kwa sababu ananipenda na hana njia nyingine, na mimi chini namtazama najipa nguvu, naikataa dua yake kwa kifua na kwa miguu. Nilicheka, na kicheko kikageuka, na mbele ya mama yule nikalia kama sikulia makaburini. Nilitaka kumwambia shangazi nimeelewa. Nilitaka kuinuka niende Linden, nipite mlango wa jikoni, nimwambie. Ndiyo hivyo tena, mlango nimeufunga mwenyewe na ufunguo niko nao mfukoni.

Sijui nilikaa muda gani. Salma aliingia kutoka sebuleni na sahani ya pilau, akaniona macho, akamtazama Mama Furaha. Mtoto huyu hunijibu Kiingereza maisha yake yote. Akachuchumaa mbele yangu, akaniwekea sahani magotini, akasema kwa Kiswahili, "Baba, kula kwanza."

Mkono wangu ukarudi nyuma wenyewe. Nikamtazama usoni, nikamuuliza kuna nini, nani tena, sema.

"Hakuna, Baba," akasema. "Habari zote unazijua."

Nikakichukua kijiko.